Nisaini ukaguzi ambao sikuufanya?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha vyombo vya bati. Nina miaka sita pale, lakini sijaajiriwa moja kwa moja. Nasaini mkataba wa miezi mitatu, ukiisha nasaini mwingine. Nina mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Nakutajia haya ujue kwa nini mtu mzima kama mimi ameshindwa kuamua jambo ambalo wewe huenda ukaliona jepesi.

Tuna presi tano za kukandamizia bati. Kila presi ina wavu wa chuma kwa mbele, na wavu una swichi yake: ukiinuka tu, mashine inasimama. Anayeiendesha anaweka bati, anashusha wavu, presi inashuka, anainua wavu, anatoa. Mwaka jana oda zilipoongezeka, msimamizi wa zamu alisema wavu unatupotezea muda. Alitaka bati moja kila sekunde nane, na kwa wavu haiwezekani. Akaniagiza niidanganye swichi ya namba nne na namba tano ili zifanye kazi wavu ukiwa juu. Nilimwambia ni hatari. Akasema, "Ni wiki mbili tu, oda ikiisha unarudisha." Nikaifunga kwa waya. Wiki mbili zikawa miezi saba. Hakuna aliyeniambia nirudishe, na mimi sikuuliza tena.

Mwezi uliopita namba nne ilimkata binti mmoja vidole viwili vya mkono wa kulia, kwenye kiungo cha kwanza. Ni kibarua, ana miaka ishirini na miwili. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mimi ndiye niliyezima umeme, na Shangazi, nilipofika kwenye mashine kitu cha kwanza nilichofanya baada ya watu kumbeba ni kuukata ule waya. Sikumtuma mtu, mkono wangu ulienda wenyewe. Ripoti iliandikwa kwamba ajali imesababishwa na "uzembe wa mfanyakazi kwa kutofuata maelekezo". Walimlipia matibabu ya siku ile, wakamwambia akapumzike, ataitwa. Hajaitwa. Kesho yake asubuhi nikakuta waya mpya kwenye namba nne. Hakuniambia mtu ni nani aliyeuweka. Nilipita kama sijauona.

Jumatano ijayo anakuja mkaguzi wa serikali. Wakubwa wana habari mapema, kwa hiyo kiwanda kizima kinapakwa rangi. Tutagawiwa kofia ngumu na glavu mpya asubuhi hiyo, na tumeshaambiwa zitakusanywa jioni kwa idadi. Mlango wa dharura wa nyuma ya stoo, ambao huwa na kufuli kwa sababu ya wizi wa maboksi, utafunguliwa siku hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kila presi inatakiwa ikaguliwe kila wiki na fundi, ajaze fomu na kusaini. Kwa miezi mitatu hakuna aliyekagua. Juzi meneja aliniita ofisini, akanipa fungu la fomu zimejazwa tayari, alama za vyema kila mahali, tarehe za nyuma zote. Presi tano kwa wiki kumi na tatu, fomu 65. Kilichobaki ni sahihi yangu. Kalamu ilikuwa juu yake. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na wanafikiria kunipa ajira ya kudumu.

Nimeomba nizichukue nikasaini nyumbani. Zipo hapa chini ya kitanda. Mke wangu anasema nisaini, karatasi ni karatasi, kila mtu anasaini. Mimi silali. Nisiposaini nitakula nini? Nikimwambia mkaguzi ukweli, si watajua ni mimi? Na yule binti nimwambie nini, wakati waya wa kwanza niliufunga mimi?

Fundi Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini. Hilo nimelitanguliza kwa sababu fomu ziko chini ya kitanda na meneja anazisubiri, usije ukafika mwisho wa barua hii ukiwa bado unakisia nitasema nini.

Sasa nikueleze ninavyoziona hizo karatasi. Mkeo anasema karatasi ni karatasi. Simlaumu, ana mimba na anahesabu miezi. Lakini mwonyeshe hivi: leo, ukiulizwa nani alijua kwamba namba nne inaendeshwa wavu ukiwa juu, jibu lina watu kadhaa ndani yake. Yumo msimamizi aliyeagiza, yumo meneja aliyeona bati zinaongezeka asiulize zimeongezekaje, na wewe umo. Ukishasaini zile 65, jibu linabaki na mtu mmoja. Kutakuwa na karatasi inayosema kwamba wiki ileile binti alipokatwa, fundi mwenye jina lako aliikagua presi namba nne akakuta swichi yake nzima. Ama swichi ilikuwa nzima na binti ni mzembe kweli, ama fundi ni mwongo. Msimamizi hayumo tena. Ajira ya kudumu unayoahidiwa kwa mdomo ndiyo bei ya kumtoa.

Na hata kwa ujanja tu, mpango wenyewe ni dhaifu. Nilifanya kazi kiwandani miaka kumi na mmoja, upande wa kufungashia, kabla sijaanza kuandika hapa. Nimewaona wakaguzi wavivu na nimewaona wanaojua kazi. Anayejua kazi hasomi zile alama za vyema. Anaangalia kama fomu za wiki kumi na tatu zina mafuta, zina kona zilizokunjika, zina wiki moja ambayo fundi aliumwa akasaini mwingine. Miezi mitatu ya wino mmoja na mwandiko usiochoka inamwambia zaidi ya ukurasa mtupu. Kofia mpya zote siku moja, bado zina mistari ya mfuko wa plastiki, nazo zinamwambia.

Meneja mrudishie fomu, kwa adabu, kesho ikiwezekana. Usimhubirie wala usimtishe. Mwambie: "Bosi, siwezi kusaini kwa siku ambazo sikukagua. Nipe muda leo nizikague presi zote tano, nisaini kwa tarehe ya leo, niandike nilichokikuta." Maneno hayo yana faida mbili. Kwanza yanampa njia ya kutokea: bado ana siku kadhaa za kutengeneza kiwanda kweli, na mkaguzi akikuta fomu tano za kweli zenye kasoro zilizorekebishwa, hilo ni afadhali kwa kiwanda kuliko uongo 65. Pili, ukikataliwa, umekataliwa kufanya kazi yako, si kwamba wewe umekataa kazi.

Akikubali, kagua. Zima swichi kuu, piga kufuli yako mwenyewe, ufunguo uweke mfukoni mwako, ndipo uguse chochote. Waya ukiukuta, uandike kwenye fomu kabla hujautoa: mashine namba fulani, swichi ya wavu imefungwa kwa waya, tarehe, saa. Safari hii usikate kwanza.

Hapo nimegusa jambo ambalo hukuniuliza, lakini ndilo nadhani linakunyima usingizi kuliko fomu. Uliukata waya. Naelewa mkono ulivyokwenda wenyewe. Ila waya ule ndio uliokuwa shahidi wa yule binti, na baada ya wewe kuukata, mtu yeyote aliyekuja kutazama alikuta swichi huru na mfanyakazi aliyeingiza mkono. Ndiyo maana neno "uzembe" lilipata mahali pa kukaa.

Neno hilo linaniudhi, uniwie radhi nilizungumzie kidogo. Umesema bati moja kila sekunde nane. Hiyo ni mara 450 kwa saa. Zamu ya saa nane ni mara 3,600, na kila mara mkono wa binti unaingia mahali ambapo chuma kinashuka. Hakuna binadamu anayefanya kitu kimoja mara 3,600 kwa siku, miezi saba, bila mara moja kuwaza kitu kingine au kupiga chafya. Wavu na swichi vimewekwa kwa ajili ya mara hiyo moja. Mtengenezaji wa mashine alijua itafika, ndiyo maana hakuiuza bila wavu. Kuuinua wavu kisha kumlaumu mtu kwa kuchoka ni kumtoza binti deni la msimamizi. Na zile glavu mpya za Jumatano zisikudanganye, chini ya presi glavu haizuii kitu. Mbele ya mashine inayozunguka ndiyo kabisa, inaweza kunaswa ikauvuta mkono.

Sasa mkaguzi. Sheria za kila nchi zina maneno yake, kwa hiyo ya kwenu yaulizie, lakini nchi nyingi zimezijenga juu ya mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unaohusu ukaguzi wa kazi. Mkataba huo unampa mkaguzi haki ya kuingia kiwandani bila taarifa, saa yoyote, usiku au mchana. Kwamba safari hii wakubwa wenu wamejua mapema si lazima iwe hila. Ukaguzi wa miadi upo. Kwa kesi yako kuna vipengele vitatu vya kushika. Mkaguzi anaweza kuzungumza na mfanyakazi faraghani, bila bosi kusimama pembeni. Anaweza kuamuru hatua ichukuliwe papo hapo pakiwa na hatari ya karibu kwa afya au usalama wa wafanyakazi. Na anatakiwa kuficha chanzo cha malalamiko, hata kutomdokeza mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko.

Kwa hiyo ukiuliza "si watajua ni mimi?", kwa mkaguzi hawatakiwi kujua. Kwa kukisia wanaweza, kwa sababu mafundi mko wachache na waya haujifungi. Sitakuambia hakuna hatari. Lakini njia unayoipitia inapunguza. Usisubiri Jumatano umvute mkaguzi shati mbele ya meneja. Nenda ofisi yao kabla, au peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Waambie mambo ya kutazamwa kwa mashine: swichi za namba nne na tano, mlango wa nyuma ya stoo siku isiyo ya ukaguzi, kofia zinazokusanywa jioni, na ripoti ya ajali ya mwezi uliopita. Waombe wakuhoji pamoja na wengine watano au sita, usiwe wewe peke yako uliyeitwa kando. Ukiulizwa, sema ulichokiona. Usichokijua, kama nani aliurudisha waya wa pili, sema hukijui. Kikundi cha simu cha wafanyakazi usikiandikie neno. Humo kuna mtu wa meneja, daima.

Chama cha wafanyakazi kama kipo, anza nacho hata kabla ya ofisi ya ukaguzi. Kama wewe si mwanachama kwa sababu ya mkataba wa miezi mitatu, uliza hivyohivyo. Na kabla hujaandika kwa mkono wako kwamba waya wa kwanza uliufunga wewe, kaa na mwanasheria wa chama au wa msaada wa kisheria nusu saa. Sikuambii ufiche. Nakuambia uliseme vizuri: uliagizwa, ulionya, ukatii. Wajibu wa kwanza ni wa mwajiri, ila nawe unao. Pendekezo namba 164 la mwaka 1981 la shirika hilohilo linamtaka mfanyakazi asiviharibie kazi vifaa vya usalama, na mkaguzi anaweza kukuuliza hilo. Ni afadhali aulize ukiwa umeshajieleza kuliko asikie kwa msimamizi.

Kuna mkataba mwingine, namba 155, nao wa mwaka 1981, wenye kitu kitakachokufaa hata kabla ya Jumatano. Mfanyakazi akiona kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari kubwa ya karibu, anamwarifu msimamizi wake mara moja, na mwajiri hawezi kudai watu warudi kwenye kazi hiyo mpaka arekebishe. Leo hii mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha yule binti, na waya upo. Mwarifu msimamizi kwa maandishi, hata ujumbe wa simu wa mistari miwili. Ukishautuma hawezi tena kusema hakujua.

Kufuli la mlango wa stoo uliliandika kwa kupita, kama kofia na rangi. Mimi nililirudia mara mbili. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha mashati cha Triangle huko New York kiliungua, wakafa watu 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa hofu ya wizi, sababu ileile ya maboksi yenu. Mwaka 2012, mwezi Septemba, kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistan, kiliteketea wakafa zaidi ya 250. Mahakama baadaye ilisema moto uliwashwa makusudi, ila waliokufa walishindwa kutoka kwa sababu milango ilikuwa imefungwa na madirisha yana nondo. Wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda hicho kilikuwa kimepita ukaguzi na kupewa cheti cha kimataifa cha mazingira mazuri ya kazi. Cheti kilikuwa halali, kina mihuri yote. Vidole viwili vimekushtua, na ni haki vikushtue, lakini ukiniuliza mimi nini kitaua watu wengi pale kwenu, sitataja presi.

Kuhusu kula. Inawezekana mkataba wako usiongezwe. Watasema kazi imepungua, na kuthibitisha kinyume chake ni kazi. Kinga dhidi ya kulipiziwa kisasi ipo kwenye sheria za nchi nyingi, lakini mtu wa miezi mitatu mitatu ndiye anayeipata kwa shida zaidi, ndiyo maana wanawapenda wa miezi mitatu. Kwa hiyo anza wiki hii kuulizia kazi kwingine, kimyakimya. Fundi wa miaka sita anayejua presi si mtu wa kukaa nje muda mrefu. Na zungumza na mkeo kabla hujarudisha fomu, asije akaisikia habari kutoka nje.

Yule binti nenda ukamwone. Usimpelekee pole peke yake, mpelekee kitu kitakachomsaidia. Mwambie swichi ilikuwa imefungwa, na kwamba uko tayari kulisema hilo. Mwulize kama ajali yake imeripotiwa kwenye ofisi ya fidia, maana kumlipia mtu matibabu ya siku moja na kuripoti ajali ni mambo mawili. Mifumo mingi ya fidia ya kazini haisubiri kujua nani mkosa ndipo imlipe aliyeumia, hivyo hata hilo neno "uzembe" huenda lisimzuie kitu. Kitakachomzuia ni siku. Madai yana muda wake, na mwezi mmoja umeshapita akisubiri kuitwa. Anahitaji cheti cha daktari kinachotaja vidole vilikatwa wapi, majina ya waliokuwepo, na mtu wa kwenda naye ofisini. Anaweza kukufukuza mlangoni. Ana haki hiyo. Mwachie karatasi yenye namba yako na jina la ofisi, uondoke.

Daftari unalo? Kama huna, nunua la bei yoyote, lisiwe la kazini. Usiku wa leo, badala ya kukodolea dari macho, andika tangu mwanzo: siku uliyoagizwa kufunga swichi, nani alisema nini, nani alikuwa karibu, siku ya ajali, ulipokata waya, asubuhi ulipoukuta mwingine, siku ulipopewa fomu na maneno ya meneja jinsi yalivyokuwa. Tia tarehe na saa. Usipokumbuka saa, kadiria, na pembeni uandike kwamba umekadiria.

Shangazi